Chupa Kumi na Mbili Zimetakata

Baba Kidoti,

Chai iko kwenye birika. Usiingie stoo kabla hujamaliza kusoma hii. ~~Panya wamekula lebo.~~ La, sikufichi: mwanao aliamka alfajiri akakuoshea chupa zako zote za mvinyo kwa sabuni, akufurahishe ukitoka kazini. Hakuna lebo hata moja iliyobaki! Zipi za kunywa mwaka huu, zipi za kulazwa miaka kumi, sijui. Hata ile ya mwaka aliozaliwa, tuliyomwekea ya harusi yake. Nimezigeuza zote mpaka nimelia. Nilimfokea, akaenda shule na kwikwi. Kamchukue saa sita, na nakuomba sana, mshukuru kwanza. Anasema chupa yake ndiyo aliyoisugua kuliko zote.

Mama Kidoti