Uhuru Ambao Teodora Anaweza Kuutumia

Ofisi ya Uchapaji,
Mkuyuni,
S.L.P. 1147,
Mwanza.
19 Septemba 1999

Mpendwa mdogo wangu Orwa,

Shikamoo uliyoiweka kwenye barua yako niliipokea kwa mikono miwili, na marahaba yangu ndiyo hii. U hali gani? Kile kikohozi kimekuachia? Nilipomsomea Mama kwamba huko Uholanzi unaenda chuoni kwa baiskeli hata mvua ikinyesha, alisema nikuandikie uvae soksi juu ya soksi. Mimi naongeza kwamba usilale na nywele mbichi. Umri wako haunihusu.

Sisi huku ni wazima. Mama amerudi Shirati baada ya kukaa nami wiki kadhaa kwa ajili ya mguu wake. Daktari alimpa dawa ya kuchua na akamkataza kubeba ndoo. Alikubali mbele ya daktari. Jirani ananiambia ameshaonekana ziwani na ndoo.

Mvua za vuli bado, lakini mawingu yameanza kukusanyika upande wa Ukerewe. Mihogo aliyoipanda Mama imeshika vizuri. Ng'ombe yule mwekundu amezaa jike, na Mama amekataa kumpa ndama jina mpaka wewe useme.

Sasa niingie kwenye swali lako. Umeniuliza mara mbili kama ile sidii ya programu za kompyuta za Linux uliyotuletea kupitia kwa mwenzako inatumika, na kama tumeshika msimamo wa kutochanganya programu huru na zile za kufungwa. Nimechelewa kujibu kwa sababu jibu halikuwa limeiva. Leo limeiva, nisikilize mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Unakumbuka kompyuta zetu mbili zilikuwa na programu za kunakili. Ofisi zote ninazozijua zilinakili kwa wenzao bila kulipa, na hakuna aliyeona ajabu. Mwezi wa nne kirusi cha kompyuta kikaingia na kufuta kila kitu: mitihani ya shule, kadi za harusi, katiba ya kwaya ya watu. Nililia mbele ya wateja. Sidii yako ilipofika, niliiona kama mkono ulionyooshwa kuniokoa.

Aliyeiweka ni Mwalimu Venant, yule anayefundisha hesabu kule Ilemela, ambaye siku za mapumziko anakuja kututengenezea mashine. Aliisoma barua yako akasimama. Ulikuwa umeandika kwamba programu hizi hakuna aliyezipiga kufuli. Mtu anaruhusiwa kuzitumia, kuzifungua aone zinavyofanya kazi, kuzirekebisha, na kumpa jirani bila kuitwa mwizi. Hilo la jirani lilinigusa sana. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na kompyuta ambayo hata polisi akiingia mlangoni ninamkaribisha kiti.

Mwalimu alikuwa na mfano wake aliowaambia wateja wote. "Mama, ungenunua cherehani ambayo kifuniko kimechomelewa, sindano ikikatika mpaka uandike barua Ulaya?" Wateja walicheka, wakakubali. Lakini mwenye kukaa mbele ya hiyo cherehani mchana kutwa hakuwa Mwalimu, wala wewe. Alikuwa Teodora.

Hujawahi kumwona Teodora, maana alikuja baada ya wewe kuondoka. Ni binti wa Kikerewe, mpole, na akichapa vidole vyake huvioni. Kompyuta alijifunzia hapa hapa kwangu, kwa kubofya picha na kukumbuka kitu kiko wapi. Asubuhi moja akakuta picha zote hazipo. Kioo cheusi, kinamwuliza jina na neno la siri kwa Kiingereza. Akiandika jina lake kwa herufi kubwa, kinamkataa. Ili kufungua diski ya mteja ilibidi kwanza aandike amri ndefu, na akikosea nukta moja, anajibiwa Kiingereza kingine.

Mwalimu akamwekea ule uso wenye picha na menyu. Ukasaidia kidogo. Lakini programu ya kuandikia iliyokuja na sidii yako iligoma kufungua barua ambazo wateja walileta kutoka maofisini, au ilizifungua zikiwa zimejaa alama za ajabu. Teodora alikuwa anatoka nje kupunga hewa kila baada ya muda. Wateja wakaanza kwenda kwa Mashimba, yule mwenye ofisi ya uchapaji mjini, Nyamagana. Siku moja nikamsikia Teodora anamuuliza mwenzake sokoni kama kuna anayetafuta mchapaji wa taipureta.

Nilimwambia Mwalimu. Akanijibu, "Atazoea tu, dada Rozina. Uhuru una gharama yake." Na barua yako iliyofuata nayo ikasema uhuru una gharama, kana kwamba mlikaa pamoja mkaiandika.

Kisha likaja jambo la Shangazi Agutu.

Unajua yeye na akina mama wenzake wamekuwa wakianika dagaa pale mwaloni, mitumbwi ya wavuvi inapoegeshwa, tangu Baba akiwa hai. Mwezi wa saba wakasikia kwamba kuna mwekezaji anautaka ule ufukwe wote kwa ajili ya ghala la samaki. Siku hizi kila kitu kina mwekezaji. Hawakukataa ghala, walichotaka ni kuachiwa upande wenye mawe mapana wanapoanikia. Wakaambiwa waandike ombi, lisainiwe na wote, lifike kabla kamati ya ardhi haijakaa. Wakaja kwangu, tena asubuhi ya siku yenyewe ya kikao, kwa sababu walikuwa wamebishana maneno mpaka dakika ya mwisho.

Teodora alilichapa vizuri kabisa. Kwenye kioo lilipendeza. Akaagiza printa itoe. Mstari wa kwanza ukaanza kushoto, wa pili ukaanzia pale wa kwanza ulipoishia, wa tatu ukazidi kusogea, maneno yakashuka kama ngazi mpaka yakatoka nje ya karatasi. Akajaribu tena. Ngazi ile ile.

Shangazi aliishika ile karatasi, akaigeuza huku na huku. "Rozina," akaniuliza, "hii barua imelewa?"

Wenzake wakacheka, mimi sikuweza. Mwalimu alikuwa darasani. Teodora hakuniuliza. Alifungua kabati, akaitoa taipureta ya zamani, akapuliza vumbi, akaanza upya. Utepe ulikuwa mkavu, ikabidi agonge kila herufi kama anayepigilia msumari. Akina mama walisimama nyuma yake wakimsomea. Walipomaliza kusaini, Shangazi alikunja kanga kiunoni akaondoka mbio na lile ombi. Na wewe unajua Shangazi hakimbii. Lilifika watu wakiwa wanaingia ukumbini.

Teodora akakaa chini, akajitazama vidole. "Dada," akasema, "mimi nadhani nimekuwa mjinga. Zamani nilikuwa najua kazi."

Orwa, hapo nilikasirika. Sikumkasirikia yeye. Mwalimu alipokuja jioni nilimwambia aondoe Linux yote, anirudishie zile za kunakili.

"Ukizirudisha," akasema, "umerudi kwenye kufuli. Na kirusi kinakusubiri. Mdogo wako amekutumia uhuru, wewe unataka urahisi!"

"Mwalimu, uhuru ambao Teodora hawezi kuutumia ni uhuru wa nani?"

Alichukua mfuko wake akaenda zake, na kwa siku kadhaa hatukumwona. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuuliza watu nani ana nakala nzuri.

Aliporudi hakugusa mashine. Aliomba kiti akaketi nyuma ya Teodora. "Fanya kazi yako," akamwambia. "Mimi nitanyamaza." Na kweli alinyamaza, jambo ambalo kwa mwalimu wa hesabu ni kubwa. Teodora alipokwama, niliona mkono wa Mwalimu unataka kuruka kumsaidia, akaukalia. Alikaa hivyo mpaka mchana. Mwisho akafuta jasho, akasema, "Teodora, nisamehe. Nilidhani unakwama kwa sababu hujui. Unakwama kwa sababu tuliviweka vitu pabaya."

Tangu siku ile wakaanza kufanya kazi wawili. Printa ndiyo ilikuwa ya kwanza, na kumbe tatizo lilikuwa mpangilio mmoja tu ndani yake. Kisha Mwalimu akafuta yale maswali ya asubuhi, mashine ikiwaka inakwenda moja kwa moja kwenye picha. Diski ikiingizwa, inajifungua kwa kubofya. Halafu Teodora akauliza swali ambalo mimi sikuwahi kulifikiria. "Kama kweli inaruhusiwa kubadilishwa, kwa nini isiseme Kiswahili?"

Mwalimu alimtazama. Akaanza kucheka peke yake.

Wiki zilizofuata ofisi yangu ikawa baraza la lugha. Kila neno la kwenye menyu lilibishaniwa, na wateja nao wakaingia. Neno la kufuta lilipita bila ugomvi. Neno la kuchapa lilileta vita, kwa sababu kuchapa ni kile Teodora anachofanya kwa vidole; kile cha printa tukakiita "Toa Karatasi". Kwenye kuweka kazi isipotee, Mwalimu alitaka "Hifadhi". Teodora akakataa katakata. "Hifadhi ni ya Serengeti, Mwalimu, ya tembo na simba. Barua tunaitunza." Basi kwetu inasema "Tunza". Mwalimu aliandika maneno hayo ndani ya ile programu, akaiwasha, na Teodora alipoliona neno lake kwenye kioo akaziba mdomo kwa kiganja. Mdogo wangu, zile programu za kunakili nilizitumia miaka mingi, na hazikuwahi kumuuliza mtu wa Mkuyuni anaitaje kitu.

Hapo ndipo nilipouelewa msimamo wako. Naomba na wewe uuelewe wangu, maana sasa nafika kwenye kukuudhi.

Barua za maofisini bado zilitushinda. Mwalimu akapata programu ya kuandikia ambayo wenyewe wanaigawa bure kwa wote na inakaa vizuri ndani ya Linux, lakini wameifunga. Huwezi kuona ndani wala kuirekebisha. Aliniletea huku ameinamisha kichwa kama mtu aliyeleta pombe kanisani. Tukajadiliana sote watatu. Tukaamua: mashine moja iwe na vitu huru tupu, nyingine iwe na hiyo ya kufungwa kwa kazi za wateja wa maofisini tu, mpaka iliyo huru itakapoweza. Kila ikitoka mpya ya huru, tunaijaribu kwanza. Tukiweza kuiondoa ile nyingine, tunaiondoa siku hiyo hiyo. Najua utasema nimetia maji kwenye maziwa. Lakini Teodora yupo, wateja wamerudi, na sijarudi kwenye wizi. Ningeshika msimamo wako mzima mzima, leo ungekuwa unaandikia ofisi iliyofungwa.

Na wewe nakupa kazi. Unasema hao wanaotengeneza programu unakutana nao chuoni. Waambie habari za ile karatasi ya ngazi na ule mkono alioukalia Mwalimu. Waambie na wao wakalie mikono yao siku moja nyuma ya mtu anayefanya kazi. Mwalimu alikwenda pale karibu na posta penye intaneti, akawatumia maneno yetu ya Kiswahili. Akajibiwa na mtu wa Ujerumani kwamba ameyapokea na anataka mengine. Teodora aliomba ile karatasi ya majibu, ameibandika ukutani.

Kuhusu Shangazi: kamati iliwaita wakajieleza. Ghala litajengwa, lakini mawe mapana wameachiwa kwa maandishi. Alituletea dagaa ndoo nzima, na tangu hapo mihtasari ya kikundi chao anaichapa Teodora.

Nimalizie na la hivi karibuni. Mashimba alikuja mwenyewe, yule wa Nyamagana aliyekuwa amechukua wateja wangu. Kirusi kilikuwa kimempitia na yeye. Alisimama mlangoni hajui aanzie wapi, mwishowe akauliza kama ningeweza kumpa nakala ya hiyo kompyuta ya Kiswahili. Nikamjibu asubiri, nikaingia ndani. Kusema kweli nilitaka kumnyima. Yale maneno tumeyatolea jasho, na yeye alipoona nazama hakuja hata kunipa pole.

Teodora alikuwa ananitazama. "Dada," akasema taratibu, "si na sisi tulipewa?"

Nikampa. Wiki haikuisha, Mashimba akarudi na sidii mkononi. Alikuwa amesahihisha maneno mawili tuliyoyakosea na kuongeza kitu chake: kadi ya harusi iliyokwisha pangwa, unajaza majina tu. Akaiweka mezani kwangu, akasema, "Hii ni yenu pia." Jana Teodora ametengeneza nayo kadi ya kwanza, na bibi harusi amefurahi mno.

Wasalimie wale wenzako wa chuoni, na yule mama mwenye nyumba anayekupa supu. Teodora na Mwalimu Venant wanakusalimu. Mwalimu anasema atakuandikia barua yake ya kubishana. Shangazi Agutu anakusalimu sana, anauliza utaoa lini. Mama anakuombea kila jioni, anangoja jina la ndama.

Mungu akulinde na baridi hiyo, akufungulie masomo yako, na akurudishe kwetu ukiwa na mwili wako wote na akili zako zote.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata tukibishana,

Rozina Odoyo