Tutageuka Wote Wawili

Guayaquil, Agosti 1957

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, mama. Nakuamkia kabla ya lolote, maana nina hasira, na hasira ikitangulia husahau adabu. Magoti yanaendeleaje? Vumbi la huko kwetu Daule linakuacha upumue? Mimi ni mzima, nakula vizuri, na ile kakao uliyompa mama mdogo Eduviges aniletee imefika salama.

Nasikia uliuliza kwa nini mchezo wangu mpya haujaanza redioni, au nimefukuzwa. Sijafukuzwa bado. Tulikwama kwenye majina.

Unanijua nilivyo. Siwezi kumfanya mtu hata akohoe kwenye karatasi kabla sijajua anaitwa nani. Huwa nazunguka makaburini nikisoma mawe, nasikiliza sokoni wanavyoitana. Safari hii sikuzunguka popote. Mchezo ulimhusu msichana aliyetoka mashamba ya kakao, akadharauliwa mjini, mwisho akasimama kwa miguu yake. Nilimwita Tomasa, jina lako. Nilitaka mji mzima umlilie Tomasa kila siku saa kumi jioni.

Don Abelardo, mkuu wetu wa michezo ya redio, alisoma ukurasa wa kwanza akavua miwani. Akaniuliza, binti yangu, nani atamlilia mtu anayeitwa Tomasa? Jina hilo linanuka kitunguu. Akasema msichana wetu ataitwa Leonor na atakuwa binti wa tajiri, kwa sababu Leonor ni jina la watu wenye piano sebuleni. Ila Tomasa tusimtupe, akasema, anafaa kwa kuchekesha: awe mtumishi wa jikoni anayevunja vikombe. Waigizaji walicheka. Mmoja wao akajikunja mgongo na kuitikia kwa sauti ya kukwaruza, "Naja, bibi, naja, nimevunja kimoja tu."

Mama, niliinuka kitini. Nilimwuliza Don Abelardo nani alimfundisha kwamba kuna majina ya kukaa kwenye kochi na majina ya kufagia chini yake. Akanijibu kwa upole, na huo upole ndio ulionichoma, kwamba hakuyapanga yeye. Alisema kila mzazi humtazama mtoto wake, akajua atakuwa nani, akampa jina linalomfaa. Bibi Zoila, mwigizaji wetu mzee atakayekuwa huyo mtumishi, peke yake hakucheka. Alikuwa akikoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari.

Niliandika kama nilivyoamriwa, maana mwenye redio ndiye mwenye kauli. Nikamvunjisha Tomasa vikombe, na kila kikombe nilikionea aibu.

Ndipo Jumapili mama mdogo akaja. Nilimmwagia yote nikitegemea atanisaidia kutukana. Badala yake alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akanitazama. Akasema, "Tomasa gani, we mtoto? Mama yako ni Leonor. Padri alimmwagia maji akamwita Leonor, mimi mwenyewe nilikua nikimwita Leonor."

Akanieleza ulivyofika mjini, bado msichana, na kifurushi chako mkononi, kufanya kazi katika nyumba ya ghorofa karibu na gati. Mama mwenye nyumba aliuliza jina lako, ulipolitaja akakunja uso. Binti yake naye aliitwa Leonor, na watu wawili hawawezi kugeuka kwa wito mmoja. Akakuambia, "Wewe utakuwa Tomasa. Aliyekutangulia alikuwa Tomasa, tumeshazoea." Mama, hata jina lenyewe halikuwa jipya. Ulivishwa pamoja na aproni ya mwenzio.

Baba akakuposa kwenye mlango wa jiko hilo, kwa jina hilo, na sisi wanao tukakua tukidhani ni lako. Nimemkasirikia yule mama, nimemkasirikia Don Abelardo, na wewe pia kidogo, unisamehe. Mama mdogo anasema ulichoka kuwasahihisha watu. Mtu huchoka na jua, huchoka na kazi. Hivi mtu huchoka na jina lake?

Sasa nikuambie nililolifanya, maana limeshafanyika. Michezo yetu husemwa hewani papo hapo, neno likitoka halirudi. Kwenye karatasi za Don Abelardo, siku ya kwanza, mama mwenye nyumba anaita Tomasa, kikombe kinaanguka, watu wanacheka. Kwenye karatasi ya Bibi Zoila nimeweka maneno mengine. Niliipeleka nyumbani kwake. Aliyasoma amesimama, akaniambia kwamba kabla ya uigizaji alipika katika nyumba za watu, na kila nyumba ilimbandika jina jingine. Akasema atayatamka polepole yafike mpaka Daule.

Huenda Jumanne nikawa sina kazi. Ukiniona mlangoni na sanduku, usiulize kitu, nichomee ndizi.

Barua hii anakuletea mama mdogo, anarudi kesho. Wasalimie majirani wote, na kaka Rigoberto mwambie aitengeneze redio, asinitafutie visingizio. Jumatatu saa kumi acha jiko, sogeza kiti. Mama mwenye nyumba ataita Tomasa. Ataita tena. Mtumishi ataweka kikombe mezani, kizima, kisha atasema, "Mimi naitwa Leonor, bibi. Kama na mwanao ni Leonor, ukiita tutageuka wote wawili."

Ni mimi, binti wa Leonor,

Piedad