Hilo Hujaniuliza

Tarehe 4 Februari

Mke mwenzangu,

Salamu ninazo tele, chukua zinazokutosha, nyingine wagawie wenzako ofisini. Goti la kushoto limevimba, la kulia linamcheka mwenzake. Lile jino nililokuambia limejing'oa lenyewe ndani ya mkate, nikamfukuza daktari kabla sijamwona. Kikohozi sina. Hiyo ndiyo hali yangu, kipande kwa kipande. Na wewe nitajie yako hivyo hivyo. Usiniandikie "mimi mzima wa afya" kama mtu anayegonga mhuri.

Anayeniandikia ni Fundi Cherehani, jirani yangu, kama kawaida, na kama kawaida atanisomea mara tatu kabla sijabonyeza dole. Amenuna. Anasema kuna gauni la bi harusi linamngoja. Fundi, andika kwamba umenuna. Haya, ameandika.

Sasa sikia. Majuzi kwenye simu ulisema, tena kwa kicheko, kwamba umepata karani wa kukuandikia kazi zako, na karani mwenyewe ni mashine, hiyo akili mnemba yenu. Nikasema "haya," maana kwenye simu mtu hupayuka tu. Lakini nimekaa na neno lile siku tano na halijanishuka kooni.

Kazi yako naijua. Watu wanaingia kwenye kile chumba chenye viti viwili na boksi la karatasi za kufutia machozi, unafunga mlango, wanakutolea mambo ambayo hata mama zao hawajayasikia. Sasa huyo karani anakaa wapi? Anasikia nini? Akishasikia anampelekea nani? Na mtu asiyekula, asiyechoka, asiyeomba hata ruhusa ya kwenda msibani, anakupendea nini? Nimeolewa, nimezaa, nimezika, sijaona mtumishi wa namna hiyo ambaye mwishowe hakukutwa na funguo za nyumba.

Nijibu kwa barua. Barua naweza kuirudia.

Bibi yako

*

Tarehe 12 Februari

Bibi yangu, shikamoo.

Nimejipima kama ulivyoagiza. Mgongo unauma kwa kukaa, chai nakunywa kupita kiasi, kifundo cha mkono kilichokuwa kimevimba kimepona. Na aliyekiponya ni huyo huyo karani unayemshuku.

Kwanza, haingii chumbani. Tukiwa ndani ni mimi na mteja tu. Akishatoka, naandika hoja tano sita za mkato, bila jina, na mashine inazipanga kwenye sehemu zinazotakiwa: alichosema mteja, nilichoona mimi, tathmini yangu, usalama wake, na mpango wa mbele. Mimi nasoma, naweka saini, inaingia kwenye faili. Wateja wote wanajua kwamba tunaitumia, na walikubali kwa maandishi. Bibi, napokea watu saba kwa siku, na mkuu wangu anataka kila kikao kiwe kimeandikwa kabla ya ofisi kufungwa. Zamani Jumamosi zangu zote zilikuwa zinaliwa na makaratasi. Sasa ni dakika kumi tu.

Ili uache wasiwasi, nilimpa karani hoja za mazungumzo yetu ya simu, kana kwamba wewe ndiye mteja. Alichoandika ni hiki, sijagusa neno:

ALICHOSEMA: Mteja, mjane mwenye umri mkubwa, anaeleza maumivu ya magoti na kutoelewana na jirani kuhusu kuku.
NILICHOONA: Mchangamfu, mcheshi, anaongea kwa sauti ya juu.
TATHMINI: Anaendelea vizuri baada ya kufiwa na mume. Usingizi na hamu ya kula ni vya kawaida.
USALAMA: Amekanusha kuwa na mawazo ya kujidhuru.
MPANGO: Aendelee kupata msaada wa familia na majirani.

Umeona? Si wewe kabisa huyo? Hasa hapo pa sauti ya juu!

Mjukuu wako

*

Tarehe 20 Februari

Mke mwenzangu,

Marahaba. Goti bado. Choo napata. Jicho la kulia linatoa machozi bila kuwa na huzuni.

Fundi amenisomea karatasi ya karani wako. Kwenye kuku tulicheka mpaka tukashikana, maana jirani wa kuku ni yeye mwenyewe Fundi. Kisha akafika kwenye usingizi, nikamwambia rudia. Akarudia. Sikucheka tena.

Nani kamwambia karani kwamba nalala? Siku ile tuliongea magoti, tukaongea kuku, ukaniaga. Usingizi hukuniuliza, nami sikuutaja. Na hilo la kujidhuru nililikanusha lini? Mtu hakanushi mpaka aulizwe. Usinielewe vibaya, sikuambii kwamba nalala wala kwamba silali. Nakuambia hujui, na karatasi inasema unajua.

Nitakupa jambo ambalo hata mama yako nilimpa nusu tu.

Mume wetu alipokuwa kijana alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, mwendo wa siku mbili kutoka nyumbani. Nilikuwa na mtoto mmoja, wa kwanza, dada wa mama yako, yule unayemjua kwa jina tu. Akashikwa na homa. Siku ya tatu shingo ikakakamaa. Nikambeba mgongoni hadi kwa mwandishi wa barua aliyekuwa akikaa na meza yake nje ya posta. Nikamwambia, mwandikie baba yake, mtoto ana homa, shingo haigeuki, aje. Akaandika upesi, mwandiko mzuri kama ushanga. Nikatia dole, nikaondoka. Sikumwambia anisomee. Nilikuwa na haraka, na nilimwonea haya, mtu mwenye tai.

Barua ikafika. Mwenzake mume wetu akamsomea. Ikaanza: "Sisi sote huku tu wazima wa afya njema, hofu ni kwako uliye mbali." Homa ilikuja chini kabisa, baada ya salamu za majirani. Mume wetu akajiambia, kama wote ni wazima, basi hiyo ni homa ya kupita. Akangoja mwisho wa juma. Alifika akakuta tumeshazika.

Mwandishi yule hakuwa mbaya. Alitia uzima kwa sababu barua zote ndivyo zilivyokuwa zikianza. Palikuwa na mahali pa uzima, akapajaza.

Tangu siku hiyo barua yangu haianzi kwa uzima nisioutamka, na haifungwi kabla sijasomewa mara tatu. Watu husema bibi ana vituko. Waache waseme.

Sasa wewe nenda kwenye makabati yako ukaone karani amewakanushia watu wangapi. Wala usiniambie ni mashine. Mashine haikuweka saini.

Bibi yako

*

Tarehe 8 Machi

Wewe mtoto,

Goti vile vile. Siku kumi na sita sijaona barua yako, na simu unapiga dakika moja kama mtu anayekimbizwa. "Nitakuandikia, Bibi, nitakuandikia." Kimya chako nakisikia mpaka huku, kinapiga kelele kuliko Fundi.

Ama umekasirika, ama umefungua makabati. Kama umenuna, nuna kwa maandishi. Kama umeona kitu, usikibebe peke yako. Nilikubeba mgongoni ukiwa na uzito wa gunia, siwezi kushindwa leo.

Bibi yako

*

Tarehe 15 Machi

Bibi, shikamoo.

Mimi si mzima sana. Nimepungua, sketi ya kijivu inazunguka kiunoni. Nimelia ofisini mara mbili, mara moja mbele ya mkuu wangu.

Nilifungua. Nilichukua karatasi zote tangu karani alipoanza, mia mbili sitini na moja, nikaziweka kando ya daftari langu la hoja. Mstari wa usalama upo kwenye kila karatasi: amekanusha, amekanusha, amekanusha. Kumi na tisa kati ya wateja hao sikuwa nimewauliza. Wengine nilisahau, wengine muda uliisha, wengine walikuwa wanacheka nikaona hakuna haja. Kisanduku cha mstari huo kwenye fomu hakikubali kubaki wazi, na mimi sikuandika kitu, basi mashine ikaweka kile ambacho huwa kinawekwa hapo. Nami nikasoma harakaharaka nikatia saini. Mara kumi na tisa, Bibi. Mimi ndiye niliyekuwa mtu mwenye tai.

Nikawapigia wote waje kabla ya siku zao. Nikafanya kama wewe: kabla ya neno lolote, nawasomea karatasi yao kwa sauti. Mmoja akanikatiza, "Sikusema namchukia mama. Nilisema namwogopa." Mwingine akacheka, "Huyo mtulivu ni nani? Mpe pole!" Watu kumi na wanane, hakuna aliyeniacha nimalize bila kusahihisha.

Wa kumi na tisa amenipa ruhusa nikuambie haya tu. Ni mtu anayewahi kufika, anayefuta kiti kabla ya kukaa, anayenitania kuhusu chai yangu. Sijawahi kumhofia hata siku moja. Nikamsomea. Akaitikia kwa kichwa mstari kwa mstari. Nilipofika kwenye "amekanusha," akatazama dirishani.

"Hilo hujaniuliza," akasema.

"Ni kweli. Nakuuliza sasa."

Nikamngoja, sikumjazia. Kisha akaniambia siku aliyoipanga. Ilikuwa Ijumaa ya juma lile lile. Tulikuwa Jumatano.

Hatukutoka chumbani mpaka daktari alipopatikana na dada yake akaja kumchukua. Sasa yuko kwa dada yake, anapata matibabu, namwona kila baada ya siku mbili. Yu hai, Bibi. Siku ile akiwa mlangoni aliniuliza ni nani aliyenifundisha kumsomea mtu karatasi yake. Nikamwambia, ni mtu asiyejua kusoma.

Nilimpelekea mkuu zile karatasi kumi na tisa mwenyewe, kabla hajazipata. Alifoka, kisha akaniuliza wenzangu nao wanazo ngapi. Wiki hii kile kisanduku kimeongezewa jibu jingine: "Sikuuliza." Mimi nimepewa onyo la maandishi, nami nalistahili. Karani bado ninaye, mkono wangu ni huu huu mmoja, lakini sasa mteja hatoki kabla sijamsomea.

Limebaki jambo moja. Katika ile karatasi yako kuna mistari miwili ambayo haina mwenyewe. Nakuuliza mimi, wala karani hayupo hapa. Unalala? Na lile la pili, Bibi, uliwahi kulifikiria?

Nasubiri. Sijazi kitu.

Mjukuu wako

*

Tarehe 24 Machi

Mke mwenzangu, mwanangu, mama yangu,

Marahaba mara mia. Nimemwambia Fundi arudie pale pa Ijumaa na Jumatano mpaka sauti ikamkauka. Kwa huyo mtu sina salamu za maneno. Mwambie tu kuna kikongwe amefurahi kwamba yupo.

Onyo lako lipokee, lakini usilitundike ukutani ukaliabudu. Yule mwandishi wa posta hakurudi kamwe kuuliza ile barua ilifika vipi. Wewe umerudi.

Umeniuliza, nami nitajibu. Fundi, andika kama ninavyosema, usinipambe.

Silali. Tangu mume wetu aondoke nalala kwenye kiti, karibu na mlango, mwezi wa nane huu. Kitandani nikigeuka nakuta ukuta, na ukuta haukoromi. Goti la kushoto halikuvimba kwa uzee, limevimba kwa kuning'inia. Nilikutajia goti kila barua, kiti sikukitaja. Unaona? Hata mimi najua kuandika barua ya uzima.

La pili. Kujiua sijataka. Ila miezi ile ya mwanzo nilikuwa nikifumba macho nasema, Mungu, kama ni hapa, basi iwe hapa. Sijui kwenye karatasi zenu hilo linaingia sehemu gani, wewe ndiye uliyesoma. Siku hizi linakuja mara mojamoja. Wiki hii halikuja, nilikuwa na barua ya kusubiri.

Fundi analia, anachafua karatasi. Anasema tunaishi ukuta kwa ukuta, tunagombania kuku kila siku, na hakujua. Nimemwambia hakuniuliza. Amesema kuanzia leo anahamishia godoro lake kwangu. Nikamwambia unakoroma, Fundi. Akasema ndiyo dawa yenyewe hiyo.

Ile karatasi yangu ichane. Niandikie nyingine kwa mkono wako, uje nayo, unisomee mara tatu hapa kwenye kiti changu. Ikiwa kweli, nitatia dole. Ikiwa si kweli, utaandika upya, na chai utapika wewe.

Barua yako ijayo usinianzie na uzima wako. Anza kwa kuniambia basi lako linafika saa ngapi.

Nimesomewa mara tatu. Ndivyo nilivyosema.

Bibi yako
(dole gumba)