Nukta Niliyoichora Kwenye Kadi ya Mabula

Rwamgasa, Jumanne. Jua kali, vumbi la makarasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, limetanda tangu asubuhi, na mimi sijatoka ndani. Nimewaambia watu naumwa. Siumwi.

Mabula tumemzika jana. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane.

Mnaonisoma hapa mnajua kazi yangu: mhudumu wa afya wa kitongoji, wa kujitolea. Kila mwezi natundika mzani, napima watoto, nachora nukta kwenye kadi zao, kisha nawafundisha akina mama habari za chakula. Nafundisha vizuri, sijisifu. Ila namfundisha nani? Mama Mabula anashinda karashani akigonga mawe ya dhahabu. Mtoto anabaki na bibi yake, na bibi ndiye anayempikia. Uji wa udaga, unga wa muhogo mtupu, asubuhi, uji wa udaga mchana, na sukari ikiwepo. Maziwa, dagaa, karanga, yote hayo nilimwambia mama, ambaye mchana hayupo nyumbani. Bibi sikuwahi kumkalisha hata siku moja.

Mwezi uliopita bibi ndiye aliyemleta kupima. Foleni ndefu, watoto wanalia, mgongo unaniuma. Mabula alikuwa ameongezeka karibu kilo nzima. Nukta ikapanda mpaka kwenye kijani, eneo la mtoto mwenye afya. Bibi akaniuliza kwa Kisukuma, mbona siku hizi mtoto hachezi, amekuwa wa kukaa tu.

Nikamjibu, "Mayu, mama yangu, huyu kanenepa, mwili unamlemea. Hongera."

Akacheka, akasema wabeja, asante, akaondoka naye mgongoni.

Hakuwa amenenepa. Alikuwa amevimba.

Semina tulifundishwa: bonyeza miguu yote miwili kwa kidole gumba, hesabu hadi tatu, achia. Shimo likibaki, huo ni uvimbe wa utapiamlo, mtoto aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ni kazi ya nusu dakika. Sikuifanya, kwa sababu mtoto aliyeongezeka uzito hakunitia wasiwasi. Walipokuja kumkimbiza hospitali, ngozi ilishaanza kuchubuka.

Hayo ningeweza kuyameza nikaishi nayo. Watu wanaishi na mengi.

Lakini jana, tumekaa mkekani msibani, bibi akaanza kusimulia. Kwamba mjukuu wake alikuwa mnene, kila mtu alimwona. Kwamba jirani yao, mjane mzee anayeishi peke yake, alipita akamshika mashavu, akasema, "Huyu mnamlisha nini?" Hazikupita wiki mbili, mtoto hayupo. Baba mdogo wa Mabula akauliza huyo mjane mbona hajaonekana msibani.

Bibi akaifungua kanga, akatoa kadi ya kliniki kuonyesha kwamba mtoto alikuwa mzima. Ikapita mkono kwa mkono. Nukta yangu ile, kwenye kijani. Nikainamisha kichwa, wakadhani ninalia.

Huku kwetu tunajua neno kama hilo linaishia wapi. Macho mekundu ya moshi wa kuni tu yameshawaponza vikongwe wangapi, wakaitwa wachawi na kuuawa? Yule mjane nilimwona leo nikiwa dirishani, anachota maji kama kawaida yake. Hana habari.

Naogopa, sitaficha. Nikisema ukweli, pengine hakuna mama atakayeniletea mtoto tena. Pengine Mama Mabula hatanitazama maisha yake yote, na nitamwelewa. Mara tatu leo nimevaa viatu, mara tatu nimevivua.

Kesho asubuhi ukoo unakaa kukijadili kifo hiki. Nitakwenda na kile kitabu cha picha tulichopewa semina, kwenye ukurasa wa mguu uliobaki na shimo. Nitakaa chini karibu na bibi, nimweleze kwa Kisukuma, taratibu, kama nilivyotakiwa kufanya zamani, na wanaume wote wakisikia.

Nimeshachagua maneno ya kuanzia. Mayu, wa kwanza kumsifu Mabula hakuwa jirani yako. Ni mimi.