Binamu wa Bwana Harusi

Jumapili, Irving, kando ya Dallas. Joto la leo halina adabu. Kanisani sikwenda. Nimejifungia ndani na hasira zangu, hata chai haipiti.

Kuna hadithi ya Wagiriki tuliyosoma chuoni hapa. Binti wa mfalme alimpenda mgeni, akampa uzi asipotee kwenye vichochoro alikokwenda kuua dude, nusu mtu nusu fahali. Dude likafa, wakatoroka pamoja, wakalala kisiwani. Binti alipoamka, mwenzake alikuwa ashaondoka na jahazi. Darasani walimsifu sana huyo shujaa. Hakuna aliyeuliza dada wa watu aliamkaje.

Mimi nitawaambia. Aliamka akadhani mwenzake yuko bafuni.

Wangu ni Mutua. Alipofika Dallas hata kuingia haiwei, zile barabara kuu za magari ya kasi, alikuwa anaogopa. Nilimfundisha kuendesha gari, nikamtafutia kozi ya uuguzi, nikamuuliza maswali ya mtihani mpaka nikawa naota majibu. Tuliishi kwangu kama mke na mume. Lakini kanisa letu la Wakenya lina macho, na mahari haikuwa imepelekwa nyumbani. Mutua akasema tuwaambie mimi ni binamu yake, kwa muda tu. Nikakubali, mjinga mimi.

Leseni ya uuguzi ilipotoka akapata kazi Houston, akaniambia tutahama pamoja. Siku moja nikatoka shifti ya usiku, nikalala fofofo. Nilipoamka mchana, upande wake wa kabati ulikuwa mtupu. Hata mto alibeba.

Mto, jamani!

Jana akanipigia Mama Ndinda, mwenyekiti wa akina mama kanisani, furaha imemjaa. Mutua anaoa huko Katy, mji ulio karibu na Houston. Wazazi wake wamenyimwa viza, kwa hivyo mimi, binamu, ndiye nitakayesimama upande wa bwana harusi na kumpokea bibi harusi. Kitenge wameshachagua.

Nikisema ukweli, najianika mbele ya kanisa zima. Nikinyamaza, namkabidhi mume wangu kwa mwingine huku napiga vigelegele. Nikasema.

"Mama, Mutua si binamu yangu. Alikuwa mume wangu."

Kwa upole kabisa, akanijibu.

"Tunajua, mwanangu. Tulijua tangu mwanzo. Ndiyo maana tunataka uje, watu waone hakuna maneno."

Nikakata simu.

Kumbe walijua. Wamekula chapati zangu mezani kwangu, wakimuuliza Mutua kama binamu anampikia vizuri, na wote walijua. Mutua aliniumiza, sikatai. Lakini hawa ndio waliokuwa wananishika mkono tukiomba. Usaliti wao umeniingia mpaka kwenye mifupa.

Na yule msichana wa Katy, naye anajua, au wamemfungia macho pia?

Katy siendi. Jumapili ijayo nitaketi kiti cha mbele kanisani, mbele ya Mama Ndinda na kamati yake yote. Atakayeniuliza habari za binamu, nitamwambia aulize vizuri: mume wako yuko wapi?