Mwanamke wa Ukurasa wa 88

Jumapili, 2 Machi 2014
Stoo tangu saa moja asubuhi. Kalamu nne nyeusi zimekauka kabla ya adhuhuri. Harufu yake imo puani, imo hata kwenye wali. Kazi ni ile ile: huku kwa Waarabu kitabu cha picha hakipandi dukani mpaka nifunike miili iliyo uchi. Bwana Nazir, msimamizi, anabandika vikaratasi vya njano, mimi napaka. Zimeingia nakala ishirini za kitabu kipya, kikubwa kama sinia, juu ya maonyesho ya dunia yaliyofanyika Ulaya zamani sana. Minara, chemchemi, mashine. Kurasa za mwisho, sanamu za marumaru zisizo na nguo. Hizo zina vikaratasi. Nitazipaka zamu yake ikifika.
Sisikii kitu moyoni siku hizi. Kidole gumba tu kinauma.

Jumatatu, 3 Machi
Ukurasa wa 88. Uzio wa mbao, Wazungu wenye kofia wanachungulia. Ndani, vibanda na watu weusi walioletwa kutazamwa. Mwanamke ameketi, mchi mkononi, kifua wazi. Chale mashavuni, ndonya, kile kipande cha mti, mdomo wa juu. Bibi yangu, kule kwetu Newala, alikuwa na chale hizo hizo.
Hana kikaratasi. Marumaru inacho, yeye hana. Nikamuuliza Bwana Nazir. Akasema hiyo acha, hiyo ni historia tu. Nikaacha. Nikaenda kula.

Jumatano, 5 Machi
Jana sikuwa na la kuandika. Leo nimemhadithia Wanjiru, nesi wa Kenya ninayeishi naye chumba kimoja hapa Muaither. "Aki Somoe, si umfunike tu? Nani ata-notice?"
Nakala moja ilikuja imechanika, haiuzwi. Nimejaribia hiyo. Nimepaka ovyo, kama tunavyopaka siku zote. Kimebaki kichwa cha mtu juu ya doa. Nimechukia, kidogo. Bibi hakuwahi kumpokea mgeni bila kanga ya pili mabegani.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemvika. Nakala zote kumi na tisa. Kanga moja kifuani, nyingine mabegani. Pindo, vitone, na jina la kanga chini, herufi ndogo: YA RABI NISITIRI. Sikuomba ruhusa. Imenichukua siku nzima. Jioni gari limebeba vitabu kupeleka dukani.
Mkono umekufa ganzi. Nimelala bila kula.

Jumapili, 9 Machi
Bwana mmoja karudisha kitabu, ana watoto wadogo. Sanamu. Sikuzipaka hata moja. Nilikuwa namvika mmoja, marumaru yote nikaisahau. Miaka mitatu stoo, kosa la mtu aliyeanza jana.
Bwana Nazir kapekua kurasa zote, kafika 88. Hii nini? Umeandika nini? Nikamwambia ni nguo, na maneno ni dua: Mungu nisitiri. Kautazama ukurasa muda mrefu. Kisha barua ya onyo, nimesaini. Inaamuru: rangi nyeusi tupu. Hakuna mchoro, hakuna herufi. Nikipewa ya pili nafungasha, narudi Newala, na huko wananitegemea wote.
Naogopa. Afadhali. Kuogopa nako ni kitu.

Jumatatu, 10 Machi
Katoni nyingine ya kitabu kile kile. Nakala kumi. Nimeanza na sanamu, zote, mbele na nyuma, nikahesabu mara mbili.
Ukurasa wa 88 una kikaratasi cha njano. Katika kila nakala. Kavibandika Bwana Nazir mwenyewe.
Nimechukua rula. Nyeusi tupu. Mstari ulionyooka juu ya kifua, kushuka mpaka magotini. Mabega nimeyaacha, mikono nimeiacha, mchi pia. Herufi hakuna.
Bibi, akienda shambani, alivaa kaniki nyeusi hivyo hivyo.