Mdudu Anayeogopa Giza

Jumanne, 10 Juni 2025

Umeme umekatika tena. Wiki yenyewe bado changa! Nipo sebuleni kwa mama, Iguguno, kompyuta mapajani, kishikwambi cha majaribio juu ya gunia la alizeti. Ofisi ipo Dodoma. Ofisi haijui habari za gunia.

Mdudu, yaani kosa la kwenye programu, bado yupo. Vishikwambi tulivyopeleka zahanati vinaganda, vinajizima, na vikijizima vinameza alichoandika nesi siku hiyo. Kule Mtinko nesi Luciana kapoteza uzito wa watoto wa kliniki nzima. Akampigia Stanley, bosi wangu, akamwambia maneno ambayo Stanley hakutaka kuyarudia. Kanirushia mimi mzigo. Jumatatu asubuhi marekebisho yanatumwa kote, yawe yameiva, yasiwe yameiva.

Alhamisi, 12 Juni 2025

Nimemwona! Yupo kwenye sehemu ya mfumo inayogawa kumbukumbu. Mama kauliza nacheka nini peke yangu. Nikamweleza kwa mfano wa gesti ya pale stendi: wahudumu wawili, zamu moja, hawaongei. Wa kwanza anachungulia chumba, kitupu, anafuata ndoo ya kudekia. Huku nyuma wa pili anampa mgeni chumba kilekile. Wa kwanza anarudi, hachungulii tena, anamwaga maji — mgeni kitandani!

Mama akasema wafukuzwe wote wawili. Sawa, ila mfumo haufukuzi mtu. Unachoweza ni kufuli: ukishachungulia, funga, na usifungue mpaka umalize kudeki. Kufuli lilikuwepo. Aliyeandika aliliachia mapema. Nani? Nikaangalia. Stanley mwenyewe, mwaka juzi. Nimecheka mpaka mbavu zikauma.

Nimelisogeza kufuli. Jaribio limezunguka kutwa, kishikwambi hakijaanguka. Umeme bado, kinaenda kwa betri, nimekiweka kwenye kubana matumizi kifike jioni. Nimemtumia Stanley. Kajibu neno moja: safi. Ya mwaka juzi hakuyagusia.

Jumapili, 15 Juni 2025

Mama kaniumbua kanisani. Wakati wa shukrani kasimama na jogoo kwapani, katangaza kwamba binti yake ametibu ugonjwa wa kompyuta uliokuwa unatesa watoto wa zahanati. Vigelegele. Jogoo akapigwa mnada, mzee Damiani mwenye mashine ya kukamua alizeti akamchukua, kisha akaniita pembeni nitibu na simu yake. Haikuwa na ugonjwa wowote. Imejaa picha za wajukuu.

Ukweli? Nilijisikia vizuri. Vizuri mno. Nimerudi nyumbani kifua mbele, hata vumbi sikuliona.

Jumatatu, 16 Juni 2025

Umeme umerudi asubuhi. Nikachomeka kishikwambi, nikaenda kunywa chai. Kurudi — kimeganda. Nikakiwasha, kikaganda tena. Nikachomoa: kinakwenda vizuri tu. Nikachomeka: kabla sijakaa, chini.

Hapo nikaelewa. Kwenye betri kishikwambi kinafanya kazi polepole ili kubana. Wahudumu wa gesti wanajikongoja, hawagongani. Kikipata umeme wanakimbia. Kumbe sikumuua mdudu, nilimpima akiwa amelala! Wenzetu wasiojua kukatiwa umeme wasingeweza hata kulifanya kosa hili. Na sasa namwona mhudumu wa tatu, kwenye sehemu nyingine ya mfumo: anapita mlango wa nyuma, na habari za kufuli hajawahi kuambiwa.

Nikampigia Stanley, asitume. Alishatuma alfajiri. Nikamwambia kosa ni langu, nilipima kwa betri. Akasema mlango wa nyuma nao aliuandika yeye. Nilidhani nitafurahi kusikia hivyo. Sikufurahi, niliogopa tu.

Jumanne, 17 Juni 2025

Mlango wa nyuma una kufuli. Jaribio linazunguka, kishikwambi kwenye umeme, hakijaanguka. Siamini kitu. Mama ametaka kupiga pasi nimemkatalia, pasi yake inashusha umeme wa nyumba nzima. Amenuna, ananipita bila kunitazama.

Stanley hatumi chochote mpaka kesho jioni, tupime kwanza kama watu wazima. Yuko sawa. Kwa leo dawa ni moja tu: manesi wasifanye kazi kishikwambi kikiwa kwenye chaji. Zahanati nyingine anazipigia yeye. Mtinko kaniachia mimi. Mwoga!

Nimempigia nesi Luciana. Nikampa shikamoo, nikaomba radhi, nikaeleza: achomoe waya akiandika, achaji akishamaliza. Kumbe leo ni siku ya kliniki. Nyuma yake watoto wanalia kwa zamu, na mama mmoja anabembeleza wake aingie kwenye mizani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema taratibu, bila hasira:

"Mwanangu, betri ya hiki ilishakufa tangu Krismasi. Nikichomoa, kinazima. Na karatasi mlisema tusitumie tena. Nimeshaandika nusu ya watoto, nusu wako nje juani. Niendelee?"

Nimemwomba anisubiri kidogo, asikate simu. Hajakata. Simu ipo hapa mezani, sauti wazi, naandika kwa sababu sijui nimjibu nini. Nasikia anaita jina la mtoto mwingine.